Mvinyo mweupe mkavu wa kilimo hai: chunga joto, kagua karatasi

Msafirishaji aliyezoea kubeba bia au soda anaweza kudhani kuwa mvinyo nao ni mzigo uleule: chupa zikifika bila kuvunjika, kazi imekwisha. Kwa mvinyo mweupe mkavu unaotoka kwenye mashamba ya familia yanayofuata kilimo hai, sivyo. Chupa inaweza kufika nzima na bado ikawa hasara.

Mfano mzuri ni mvinyo wa Chenin Blanc kutoka jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Hiyo ndiyo aina ya mzabibu iliyopandwa kwa wingi zaidi nchini humo.

Neno "mkavu" maana yake ni kuwa karibu sukari yote ya zabibu imegeuka kilevi. Kwa kanuni za Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita.

"Kilimo hai" maana yake ni kuwa mizabibu haikuwekewa mbolea za viwandani wala dawa za sumu zilizokatazwa. Kwa soko la Ulaya, shamba hufuata kanuni hizo kwa miaka 3 kabla ya mavuno yake kutambuliwa. Aidha, kanuni zilizoanza mwaka 2012 zinapunguza salfa inayowekwa kuhifadhi mvinyo. Mvinyo mweupe wa kilimo hai wenye sukari chini ya gramu 2 kwa lita hautakiwi kuzidi miligramu 150 za salfa kwa lita, wakati ule wa kawaida unaruhusiwa hadi 200.

Hapo ndipo msafirishaji anapohusika. Salfa ikiwa kidogo, kinga dhidi ya joto na hewa nayo ni ndogo. Lori linalopita Beitbridge na Chirundu hadi Tunduma hukatiza bonde la Zambezi lenye joto kali, kisha huenda likakaa foleni mpakani juani. Siku kadhaa za joto la zaidi ya nyuzi 30 zinatosha kusukuma kizibo, kugeuza rangi na kuleta harufu ya matunda yaliyopikwa. Na kwa kuwa hakuna sukari ya kuficha kasoro, mteja ataigundua mara moja.

Kwa hiyo kontena la baridi, au walau turubai zito na kuegesha kivulini, si anasa. Shamba la familia huuza kreti chache, hivyo wafanyabiashara wadogo wanaweza kuchangia kontena moja.

Upande wa karatasi, mambo ni matatu.

Kwanza, cheti cha kilimo hai. Hakikisha jina la shamba na mwaka wa mavuno kwenye cheti vinalingana na lebo. Bila cheti, usiuuze kama wa kilimo hai.

Pili, cheti cha uasilia. Cheti cha SADC huleta nafuu ya ushuru Tanzania, lakini hakiufanyi mvinyo huo kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Ukitaka kuupeleka Rwanda kupitia Rusumo, au Kenya kupitia Namanga, jiandae kwa ushuru wa pamoja wa EAC, isipokuwa wakala wako wa forodha athibitishe kuwa kuna nafuu nyingine, kama ya AfCFTA. Eleza nchi unakokwenda tangu mwanzo.

Tatu, stempu za kodi. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina stempu zake za ushuru wa bidhaa. Stempu ya nchi moja haitumiki nchi nyingine.

Chenin Blanc hulimwa pia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka. Mvinyo wa huko, ukiwa na cheti cha uasilia cha EAC, huvuka mipaka ya Jumuiya bila ushuru wa forodha. Alama ya Kilimohai, iliyoanzishwa pamoja na viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, iko wazi kwa mkulima atakayekaguliwa na kufuzu.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji maswali mawili: salfa ni kiasi gani, na mzigo utasafiri kwenye joto gani? Asiyeweza kujibu, usimpe fedha.