Miezi Imetimia, Mwanapunda Hajakomaa

Kule Mbeere, upande wa chini wa Embu, na katika nyanda kavu za Tigania, Meru, punda ndiye bomba la maji la nyumba nyingi. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.

Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ya 2019 ikapata milioni 1.2. Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Meru, alipiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara. Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021. Lakini punda hawapotei machinjioni pekee: wapo wanaopotelea zizini, saa chache tu baada ya kuzaliwa.

Mwanapunda anaweza kutimiza miezi yake na bado akazaliwa mchanga. Huwa mdogo, paji limetuna, manyoya ni mafupi na laini mno, masikio yamelegea. Akisimama, vifundo vinashuka karibu kugusa udongo na ncha za kwato zinainuka. Mzima husimama ndani ya saa moja na kunyonya ndani ya saa mbili. Huyu hujaribu, akaanguka.

Hatari kubwa haionekani kwa macho. Vijifupa vya magoti na vya vifundo vya miguu ya nyuma huwa bado ni gegedu. Vikibeba uzito mapema hubondeka, na miguu hupinda maisha yote. Kwa hiyo asiachwe amfuate mama yake kisimani. Wote wawili wabaki bandani, pakavu, hadi daktari wa mifugo aridhike.

Tatizo huanzia tumboni: kondo lenye maambukizi au lisilopitisha lishe ya kutosha, mapacha waliobanana, au mama aliyedhoofika. Kiwele kikianza kudondosha maziwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuzaa, daktari aitwe mara moja.

Halafu kuna dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Punda hazaliwi na kinga ya mama yake. Huipata kwa kunyonya, na baada ya saa 24 utumbo hauipokei tena. Asiyeweza kunyonya, mama akamuliwe naye anyweshwe taratibu kwa chupa. Asiyeweza kumeza asilazimishwe, kwa kuwa maziwa yakiingia mapafuni humuua. Daktari atampitishia mpira puani.

Mwenye punda wa Siakago kule Mbeere au Mitunguu kule Meru anaweza kuanza na mambo mawili: kuandika tarehe ya kupandisha, na kumpunguzia jike mizigo miezi ya mwisho huku akimwongezea malisho.