Gari Lililoachwa Kando ya Barabara

Ukisafiri kutoka Mlowo kupitia Vwawa mpaka Tunduma utaona malori mengi. Barabara hii inatoka Dar es Salaam na kuingia Zambia. Baadhi ya malori huharibika njiani. Dereva husubiri kipuri siku mbili, tatu, tano. Fedha za chakula zikimwishia, huondoka. Gari hubaki peke yake.

Je, gari hilo ni la nani?

Watu wengine husema, "Limetupwa, halina mwenyewe." Huanza kufungua taa, kisha betri, kisha magurudumu. Huo ni wizi. Gari lililoachwa bado lina mwenyewe, hata likiota majani. Anayechukua betri yake ni sawa na anayevunja ghala la kahawa usiku.

Kama ni lori la mafuta, usilisogelee kabisa. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, watu walikwenda kuchota petroli katika lori lililopinduka. Moto ulilipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Lakini mwenye gari naye hana ruhusa ya kuliacha apendapo. Barabara ni mali ya umma, na barabara si lami peke yake. Katika barabara kuu kama hii, eneo la hifadhi ni meta 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Gari lililosimama kwenye majani ndani ya meta hizo bado liko katika eneo la barabara. Usiku halina taa. Mwenye baiskeli au pikipiki haoni mpaka amefika. Kwa hiyo polisi wanaweza kuagiza gari livutwe, na gharama za kulivuta ni za mwenye gari.

Ukiliona gari la namna hiyo karibu na kijiji chenu, mwambie mtendaji wa kijiji, au nenda kituo cha polisi. Sasa unajua kuandika. Andika namba ya gari kama ilivyo, herufi na tarakimu. Andika mahali lilipo na siku uliyoliona.

Mpakani Tunduma kuna jambo jingine. Gari linalosubiri kulipiwa ushuru huweza kuwekwa katika ghala la forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu siku. Mali ikikaa ghalani siku 30 bila kutolewa, forodha hutoa tangazo. Zikipita siku 30 nyingine tangu tangazo, mali huhesabiwa kuwa imeachwa, nayo huweza kuuzwa kwa mnada.

Tuhesabu pamoja. Gari limewekwa tarehe 1 Machi. Siku 30 zinatimia tarehe 31 Machi. Tangazo likitolewa tarehe 5 Aprili, siku 30 za pili zinatimia tarehe 5 Mei. Mwenye gari asiyesoma matangazo atafika Juni na kukuta gari lake lina mwenyewe mwingine. Na siku zote hizo kodi ya ghala inapanda.

Pikipiki yako ikishikiliwa kituoni, usiogope ukaiacha huko. Wengi huziacha mpaka zinaoza kwa mvua. Nenda mapema. Chukua kadi ya pikipiki na kitambulisho chako. Uliza imeshikiliwa kwa kosa gani na unatakiwa kulipa nini. Kila unapolipa, dai stakabadhi, uisome kabla ya kuondoka.

Na je, mtu akikuletea gari au injini akisema, "Lilitelekezwa, nakuuzia rahisi"? Usinunue. Gari la namna hiyo huuzwa katika mnada wa hadhara uliotangazwa, na mnunuzi hupewa karatasi za mauzo. Bila karatasi hizo huwezi kuliandikisha kwa jina lako, na siku moja mwenyewe anaweza kufika mlangoni na kadi yake mkononi, pamoja na askari.