Reli ya Mpanda: mgodi ulikufa, treni ikabaki

Ukipanda treni ya reli ya kati kuja Kigoma, ukishapita Tabora na Urambo utafika Kaliua. Hapo njia inagawanyika. Moja inaendelea magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Nyingine inakata kusini, inavuka mto Ugalla, na kuishia Mpanda baada ya kilomita 210. Wengi tunaijua kama treni ya abiria na magunia. Lakini haikujengwa kwa ajili ya abiria wala magunia. Ilijengwa kwa ajili ya risasi.

Hatusemi risasi ya bunduki peke yake. Risasi ni madini, yale mazito ya kijivu yanayotumika hata kwenye betri za magari. Yaligunduliwa Mpanda kabla ya Vita Kuu ya Pili, yakiwa yamechanganyika na fedha, shaba na dhahabu kidogo.

Je, kwa nini dhahabu ya Lupa, kule Chunya, haikuletewa reli na risasi ya Mpanda ikaletewa? Jibu ni uzito. Dhahabu ya mwezi mzima unaweza kuipakia kwenye gari dogo na bado ikalipa safari. Risasi bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo lazima uuze tani nyingi, na kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Bila treni, nauli ingekula faida yote.

Basi serikali ya kikoloni ya Waingereza ikaanza ujenzi mwaka 1947, na mwaka 1950 treni ikafika Mpanda. Kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba kwa takriban miaka 10 tu. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa.

Hapo reli nayo ingeweza kufa. Ilikufa ile ya kusini, iliyojengwa miaka hiyohiyo kwa mradi wa karanga wa Nachingwea: mradi ulishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yake ikang'olewa. Ya Mpanda ilinusurika, na kwa maoni yetu iliokolewa na watu waliohamia kandokando yake. Wakulima walikuja na mahindi na tumbaku. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa ardhi Katumba, karibu na Mpanda, wakafyeka pori na kulima. Mazao hayo yalihitaji njia ya kutoka. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Tusiipambe sana, lakini. Mvua kubwa zikibomoa tuta, safari husimama, na anayeumia kwanza ni mwenye mzigo unaooza.

Na kwa sisi wa ziwani kuna pengo jingine: reli hii haikufika kwenye maji. Kutoka Mpanda hadi Karema bado ni safari ya barabara, zaidi ya kilomita 100. Karema sasa ina bandari mpya inayotazamana na Kongo, na kuunganisha Kaliua, Mpanda na Karema kumo katika mipango ya reli ya kisasa, SGR. Mpaka reli hiyo ijengwe, dagaa wa Karema na Ikola wataendelea kupanda lori kwanza.

Hapa mkoani kwetu nako, reli ya SGR ya kutoka Uvinza kwenda Burundi inaelekea Musongati, penye nikeli. Nikeli ni kama risasi ya Mpanda: mzigo mzito unaohitaji treni. Wenye mashamba njiani wana haki ya kuuliza mapema: stesheni zitakuwa wapi, na je, mabehewa yatapokea pia magunia yetu na chumvi ya Uvinza? Mpanda walipata jibu lao baada ya mgodi kufungwa.