Kuimarisha mfumo wa nguvu wa gari la porini

Kuimarisha mfumo wa nguvu wa gari la porini ni kazi ya kubadilisha au kuongezea uimara sehemu zinazopeleka nguvu ya injini magurudumuni, yaani klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli. Kazi hii huhitajika baada ya gari kuwekewa matairi makubwa, springi za mzigo mzito au turbo ambayo kiwanda hakikuiweka.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita gari linalohusika mara nyingi ni Toyota Land Cruiser Series 70, lililoanza kutengenezwa mwaka 1984. Hutumika katika migodi mikubwa na pia kwa wachimbaji wadogo wanaobeba mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye karasha. Injini yake inayojulikana zaidi ni 1HZ ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Ni injini ya upole, na kwa sababu hiyo sehemu zilizo nyuma yake hudumu miaka mingi mradi gari libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Kwa nini sehemu huvunjika

Nguvu ya kuzungusha, au msokoto, huongezeka kila inapopita kwenye gia. Tuchukue mfano wa injini yenye msokoto wa Nm 280. Gia ya kwanza ikiuzidisha mara 4, gia nzito ya porini mara 2.5 na difu mara 4.1, jumla inafika Nm 11,480 kabla ya kutoa kinachopotea kwa msuguano. Klachi hubeba 280 tu. Mzigo mkubwa uko kwenye difu na ekseli.

Kwa kawaida tairi huteleza kabla ya kiwango hicho kufikiwa. Usukumani, hata hivyo, ardhi hubadilika ndani ya hatua chache: kuna luseni, udongo wa kichanga wa juu, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio bondeni, ambao hunata sana mvua ikinyesha. Tairi huzunguka bure kwenye tope, dereva huzidi kukanyaga mafuta, kisha tairi hukamata jiwe. Pigo hilo la ghafla ndilo linalokata ekseli au kung'oa meno ya pinioni. Kufuli ya difu husaidia gari kutoka, lakini huweza kuupeleka msokoto wote kwenye ekseli ya upande mmoja.

Namna ya kuimarisha

Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 20, ekseli inahitaji msokoto zaidi kwa kiasi hicho hicho ili kusukuma gari vilevile. Mafundi hurekebisha kwa kubadilisha uwiano wa difu, kwa mfano kutoka 4.1 hadi 4.88. Klachi na giaboksi hupata nafuu, ila pinioni ya uwiano mkubwa huwa ndogo na yenye meno machache, hivyo ni dhaifu kuliko ile iliyoondolewa. Jambo hili husahaulika mara nyingi.

Kila sehemu inayoimarishwa huhamishia udhaifu kwenye sehemu inayofuata. Kwa hiyo ni afadhali fundi achague mapema kitakachovunjika kwanza. Krosi ya propela inafaa zaidi: ni ya bei nafuu, iko nje, na hubadilishwa njiani kwa nyundo na spana. Kraun na pinioni huhitaji difu ifunguliwe na nafasi ya meno ipimwe kwa usahihi. Gari likiinuliwa, pembe za krosi mbili za propela lazima zibaki sawa, la sivyo propela hutetemeka na krosi huisha haraka.

Aina ya ekseli ni suala la usalama. Katika ekseli ya kuelea kabisa, iliyo nyuma ya pikapu za Series 70, uzito wa gari hubebwa na beringi zilizo juu ya ganda la ekseli, na shafti huzungusha tu. Ikikatika, gurudumu halitoki. Katika ekseli ya kuelea nusu, shafti hubeba uzito pia, hivyo ikikatika gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa mwendoni.

Difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji ya mto, hewa ndani yake hupoa na kuvuta maji kupitia sili. Mpira wa kupumulia hurefushwa hadi juu karibu na injini ili difu ivute hewa badala ya maji. Oili ikionekana nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na oili hiyo hubadilishwa kabla gari halijabeba mzigo tena.