Kukoroma: Kabla ya Kununua Dawa au Kukata Kimeo

Kukoroma ni sauti ya hewa inayopita kwa shida. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, shina la ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa inayolazimishwa kupita humo hutikisa kaakaa laini pamoja na kimeo. Kwa kuwa kimeo huonekana mdomo ukifunguliwa, kimebebeshwa lawama kuliko kinavyostahili, na nchini kwetu bado wapo wazazi wanaompeleka mtoto kwa mkata kimeo. Kisu hicho huweza kuleta kutokwa damu kwingi, usaha na hata pepopunda, ilhali chanzo cha kukoroma kikabaki palepale.

Kwa mtoto, chanzo hicho mara nyingi ni kuvimba kwa tezi za koo na nyama za puani. Mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu amwangalie mwanawe usiku: je, hulala mdomo wazi, akihangaika na kutokwa jasho? Je, hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au husinzia darasani? Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi apewe rufaa kwa madaktari wa masikio, pua na koo wa Bugando, Mwanza. Tezi zikiondolewa kwa upasuaji wa hospitali, watoto wengi hulala kwa utulivu.

Kwa watu wazima, bidhaa ni nyingi. Plasta za kubandika puani hupanua tundu za pua, hivyo humsaidia mwenye pua nyembamba au iliyoziba tu. Aliyezibwa kooni hazimfai. Matone ya kuzibua pua yasitumiwe zaidi ya siku tano mfululizo, kwani baadaye pua huziba kuliko mwanzo. Wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda, kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni nafuu na salama zaidi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Mafuta na dawa za kupulizia kooni hazina ushahidi wa kutosha, na fedha hizo ni heri zibaki mfukoni. Yanayosaidia kweli hayauzwi dukani: kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito, kuacha sigara, kutokunywa pombe jioni, na kutotumia dawa za usingizi bila ushauri wa daktari.

Lakini ipo hatari ambayo bidhaa hizo huificha. Baadhi ya wanaokoroma hukatikiwa na pumzi kwa sekunde kumi au zaidi, mara nyingi kila usiku, kisha hushtuka wakihema. Hali hii huitwa apnia ya usingizi. Huambatana na shinikizo la damu lisilotii dawa, maradhi ya moyo na kiharusi, na humfanya dereva wa lori la pamba asinzie akiwa kwenye usukani. Mgonjwa mwenyewe hajui. Ajuaye ni mwenzi wake, naye aulizwe, au arekodi sauti kwa simu.

Mhudumu wa zahanati hahitaji mtambo ili kumshuku mgonjwa. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto walitoa maswali manane: kukoroma kwa nguvu, uchovu wa mchana, pumzi kuonekana ikikatika, shinikizo la damu, unene uliokithiri, umri zaidi ya miaka 50, shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima shingo. Majibu matatu ya ndiyo au zaidi yanatosha kumpa mtu rufaa.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Australia mwaka 1981. Ni ghali, na huhitaji umeme kila usiku. Anayeisubiri alale ubavu, akishonewa mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili asigeuke chali, shinikizo lake lipimwe kila anapohudhuria kliniki, na asiendeshe gari wala pikipiki akiwa na usingizi.