Unataka kuiona Kilwa? Mambo ya kujua kabla ya kupanda mashua

Wengi wakisikia utalii hufikiria hoteli za Zanzibar au simba wa Serengeti. Lakini msikilizaji, pwani ya Lindi ina mengi ya kuona, na unayafikia kwa basi na mashua.

Kwa nini Kilwa?

Katika karne ya 14 Kilwa Kisiwani ulikuwa mji tajiri. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipitia hapa, na masultani wake walikuwa na sarafu zao wenyewe. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331. Leo utaona Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza. Magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, ni Urithi wa Dunia tangu 1981.

Unafikaje?

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, unachepukia Nangurukuru. Epuka masika, Machi hadi Mei. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii na abiria wakakwama.

Lipia kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na udai risiti. Patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi, na uhakikishe kuna jaketi za kujiokolea. Kwa Songo Mnara, uliza saa za maji kujaa na kupwa, maana huenda ukashuka na kutembea majini kati ya mikoko.

Adabu za ugenini

Kisiwani ni kijiji cha watu, wavuvi na wakulima. Anza kwa salamu, vaa nguo za kusitiri, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Chukua mwongozo mwenyeji na ule chakula cha hapo hapo. Mwenyeji akipata chochote, naye huona sababu ya kuyalinda magofu.

Usiondoke na kitu

Kuta hizi za mawe ya matumbawe huliwa na mvua, mizizi na mawimbi. Mwaka 2004 magofu yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yalitolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa hiyo usipande kuta, na usiokote sarafu wala kigae. Kigae kikiwa mahali pake humweleza mtaalamu watu waliishi lini na walifanya biashara na nani. Mfukoni mwako hakisemi kitu.

Ukiwa na siku zaidi

Pita Kilwa Kivinje, bandari iliyosafirisha watumwa na pembe za ndovu katika karne ya 19. Katika vilima vya Umatumbi, wilaya hiyo hiyo, ndiko vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905. Ukiwa na watoto, wasimulie yaliyotokea hapo.