Obokano na Piano ya Jazi

Sisi wa pwani masikio yetu yamezoea udi na sauti yake laini. Kule Kisii na Nyamira, msomaji, mambo ni mengine: obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, huvuma mithili ya nyuki mzingani. Kijana ajifunzaye piano ya jazi hukimbilia wepesi wa vidole, mdundo ukampotea. Heri aisikilize obokano, arudie mdundo mmoja wa sauti nzito mpaka mabega na miguu viushike, ndipo aongeze lahani. Randy Weston, Mmarekani, aliigonga piano kama ngoma. Na katika santuri yake *Uhuru Afrika*, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akinena kwa Kiswahili.